Nyimbo Kumi za Eagles: Safari ya Santuri Iliyowakutanisha Watu wa Kantri na Watu wa Roki

Vumbi, malori na magitaa ya umeme: 1930 hadi 1968

Muziki wa kantri ulifika California na watu waliofukuzwa na ukame. Katika miaka ya 1930 tufani za vumbi zilifunika mashamba ya Oklahoma, Texas na Kansas, mazao yakakauka, mabenki yakatwaa ardhi, na familia kwa maelfu zikafunga virago na kushika Barabara Namba 66 kuelekea magharibi. Wengi waliishia bonde la kati la California wakichuma pamba na matunda, au kufanya kazi kwenye visima vya mafuta vya Bakersfield. Walikuwa na fidla zao, magitaa yao na nyimbo za kwao, na wenyeji wa California waliwadharau kwa yote hayo.

Watoto wa watu hao ndio waliobadilisha muziki. Vilabu vya Bakersfield vilijaa makelele ya vibarua waliokuwa wakinywa baada ya kazi, na mwanamuziki asiye na gitaa la umeme hakusikika. Buck Owens na Merle Haggard walipiga kantri yenye gitaa kali na ngoma nzito, wakati ambapo Nashville, makao makuu ya muziki huo, ilikuwa inaulainisha kwa fidla nyingi na waitikiaji wa sauti za hariri. Jim Reeves, ambaye hadi leo ana wapenzi tele Kenya na Tanzania, alitoka katika shule hiyo ya Nashville. Ya Bakersfield ilikuwa ngumu zaidi, na ilikuwa saa mbili tu kwa gari kutoka Los Angeles.

Na Los Angeles ya mwaka 1968 ilijaa vijana wenye nywele ndefu waliochoka na vurugu za roki. Mwaka huo bendi ya The Byrds, iliyokuwa na jina kubwa katika roki, ilimchukua kijana wa Kusini aitwaye Gram Parsons, ikaenda Nashville na kurekodi albamu ya kantri iitwayo Sweetheart of the Rodeo. Walipopanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la mji huo, walipokelewa kwa ubaridi. Ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na ukienda na nywele mabegani mbele ya wapenzi wa kantri ulihesabiwa kuwa mpinzani wa nchi. Mwaka uliofuata Haggard akatoa Okie from Muskogee, wimbo ulioitetea Marekani ya mashambani dhidi ya vijana wa aina hiyohiyo. Aliyetaka kuchanganya kantri na roki alikuwa anajaribu kukalisha meza moja watu wasiosalimiana.

Wapo waliojaribu. Parsons na mwenzake Chris Hillman waliondoka Byrds wakaanzisha The Flying Burrito Brothers, wakavaa suti zilizodariziwa majani ya bangi, wakapiga kantri safi kabisa. Richie Furay na Jim Messina waliunda Poco. Wanamuziki wenzao waliwasifu, lakini santuri zao hazikununuliwa sana. Mchanganyiko ulikuwepo, ila nyimbo za kuubeba hadi sebuleni kwa mtu wa kawaida hazikuwepo bado.

Vijana wanne wa Troubadour: 1969 hadi 1971

Glenn Frey alitoka Detroit, mji wa viwanda vya magari na wa muziki wa soul, na kabla ya kuhamia California alikuwa amewahi kuitikia katika rekodi ya Bob Seger. Don Henley alikulia Linden, mji mdogo wa mashariki ya Texas, ambako baba yake aliuza vipuri vya magari. Aliletwa Los Angeles na Kenny Rogers, yule yule ambaye kaseti zake zimezunguka sana Afrika Mashariki: Rogers aliisikia bendi ya Henley, Shiloh, akaitayarishia albamu yake mwaka 1970. Albamu hiyo haikwenda popote, lakini ilimweka Henley mjini, na katika lebo ileile ndogo ya Amos alikuwepo Frey na rafiki yake J.D. Souther, nao wakiwa na santuri iliyododa.

Frey na Souther walipanga nyumba katika mtaa wa Echo Park, na chini yao aliishi Jackson Browne, kijana aliyekuwa akiandika nyimbo tangu utotoni. Frey alisimulia miaka mingi baadaye alichokuwa akikisikia kupitia sakafu kila asubuhi. Birika la chai linapiga mluzi, kisha piano. Browne anacheza ubeti wa kwanza, anaurudia, anaurudia tena mpaka umekaa sawa, ndipo anahamia kiitikio, nacho anakirudia vilevile. Halafu kimya, na birika linapiga mluzi tena. Hapo ndipo Frey alipotambua kwamba wimbo hujengwa kwa kukaa nao kitako. Kwangu mimi hili ni tukio kubwa kuliko mkataba wowote uliokuja baadaye, kwa sababu kilichowatenga Eagles na waliowatangulia ni hicho hasa: waliandika na kufuta na kuandika upya kama mafundi.

Wote walikuwa wakikutana Troubadour, klabu ya West Hollywood ambako Jumatatu jukwaa lilikuwa wazi kwa mwanamuziki yeyote. Mwaka 1971 Linda Ronstadt alikuwa akitafuta wapigaji wa kumsindikiza katika maonyesho yake, na Frey na Henley wakaajiriwa. Wakaongezeka wengine wawili waliokuwa na uzoefu kuwazidi. Randy Meisner, mtoto wa wakulima wa Nebraska, alipiga besi na alikuwa na sauti ya juu ajabu; alikuwa ametoka Poco. Bernie Leadon alitoka Flying Burrito Brothers, na alijua banjo, mandolini, gitaa la chuma na takriban kila kitu chenye nyuzi. Wanne hao walipiga pamoja nyuma ya Ronstadt mara moja tu, Disneyland, mwezi Julai 1971. Walipomwambia kwamba wanataka kuunda bendi yao, aliwapa baraka zake. Mwanamama huyu hatajwi vya kutosha: aliwakutanisha, akawaachia waende zao, na mwaka 1973 akaimba wimbo wao Desperado wakati wengi walikuwa hawajausikia.

David Geffen, aliyekuwa ameanzisha lebo ya Asylum mwaka huo wa 1971, aliwasajili, akawapeleka Aspen, Colorado, wapige katika klabu usiku kucha mbele ya watalii wa theluji hadi wazoeane.

Glyn Johns na sauti nne: 1972 hadi 1973

Frey alimtaka Glyn Johns awe mtayarishaji wao. Johns alikuwa Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Rolling Stones, Led Zeppelin na The Who, na Frey aliota kuitoa bendi yake na kishindo cha aina hiyo. Johns akawasikiliza na kukataa. Aliona bendi inayovutwa huku na huku, gitaa moja likienda roki na jingine likienda kantri, na katikati pakiwa patupu. Alikubali kuwapa nafasi nyingine, na katika mazoezi hayo wakachukua gitaa la mbao lisilo na umeme na kuimba wanne kwa pamoja. Johns akabadilisha mawazo papo hapo.

Alichokisikia ndicho mtu yeyote anachokisikia hadi leo. Meisner anakaa juu kabisa, Henley anatia mkwaruzo, Frey anabeba maneno, Leadon anajaza pengo la katikati, na ukifumba macho hujui nani ni nani. Uimbaji huo wa kupanga sauti una asili katika makanisa ya mashambani na katika bendi za kaka na kaka za kantri, lakini vijana hawa walikuwa pia wamewasikiliza sana Beatles na Beach Boys, na kwa hiyo msikilizaji wa upande wowote aliusikia kama kitu cha kwao. Mimi huamini kwamba hapa ndipo siri yote ilipo. Magitaa yalikuwa bado yakigombana, ila koo zilikuwa zimekwisha patana.

Walirekodi London, katika studio za Olympic, mwanzoni mwa 1972. Kazi ilichukua wiki chache tu, chini ya Johns aliyekataza dawa za kulevya studioni. Wimbo wa kwanza, Take It Easy, ulianzwa na Jackson Browne, ambaye alikwama kwenye ubeti wa pili. Frey akamwomba, akaumalizia kwa picha ya msichana anayepunguza mwendo wa gari lake mjini Winslow, Arizona, ili amtazame kijana aliyesimama barabarani. Johns alimwambia Leadon aongeze banjo inayokimbia mara mbili ya mwendo wa wimbo. Ukisikiliza vizuri, utaona jinsi banjo ile inavyofanya kazi: haiko mbele, haijionyeshi, lakini kuanzia inapoingia wimbo unaanza kuteremka mlima. Mwanamuziki wa roki asingeliiweka. Mwanamuziki wa Nashville angeliiweka mbele zaidi. Mwezi Mei 1972 wimbo ulitoka, ukafika nafasi ya 12 Marekani, na Winslow leo ina bustani kwenye kona ya barabara kwa ajili ya ubeti mmoja.

Nyimbo nyingine mbili za albamu hiyo ya kwanza zilivuma pia, nazo hazifanani hata kidogo. Witchy Woman wa Henley na Leadon una giza na ngoma ya kutambaa. Peaceful Easy Feeling, ulioandikwa na Jack Tempchin, ni kantri tupu, na humo Leadon anapiga gitaa lililofungwa kifaa cha kuvuta waya mmoja ili ulie kama gitaa la chuma. Kifaa hicho kilibuniwa na Gene Parsons na Clarence White, wote wa ukoo wa Byrds. Ukitaka kuona deni la Eagles kwa waliowatangulia, lipo ndani ya kilio cha waya huo.

Albamu ya pili, Desperado ya 1973, ilisimulia habari za majambazi wa Magharibi ya kale, kundi la Doolin na Dalton, na kuwalinganisha na wanamuziki. Haikuuza. Tequila Sunrise ulipotolewa kama wimbo wa pekee uliishia nafasi ya 64, na wimbo wenyewe wa Desperado, ambao leo unaimbwa kwenye harusi na misiba, haukutolewa kabisa. Mwaka huo pia Gram Parsons alifariki katika jangwa la Joshua Tree akiwa na umri wa miaka 26. Hakuwa ameficha dharau yake kwa Eagles. Aliwaona ni walaini, watu waliochukua alichokihangaikia yeye na kukitia sukari. Lawama hiyo imewafuata maisha yao yote, na ina chembe ya ukweli, ila inasahau kwamba watu wengi walimrudia Parsons baadaye kwa kupitia mlango uliofunguliwa na wale walaini.

Kuelekea roki, kuelekea soul: 1974 hadi 1975

Frey hakuridhika. Alitaka magitaa ya kuuma, na Johns alimwambia wazi kwamba hawakuwa bendi ya roki. Katikati ya kurekodi albamu ya tatu, On the Border, wakaachana naye, wakarudi California na kumchukua Bill Szymczyk, aliyejulikana kwa kazi yake na B.B. King na Joe Walsh. Wakamwita pia Don Felder kutoka Gainesville, Florida, aliyewahi kupiga katika bendi moja na Leadon enzi za ujana wao. Felder alipiga gitaa kwa ukali waliokuwa wakiutafuta, na Already Gone ukatoka ukiwa na magitaa mawili yanayokimbizana.

Kisha historia ikafanya mambo yake. Wimbo wa albamu hiyo uliopanda hadi nafasi ya kwanza, wa kwanza wao kufika huko, haukuwa ule wa magitaa. Ulikuwa Best of My Love, uliorekodiwa London na yuleyule Johns, polepole, wenye gitaa la chuma la Leadon likinong'ona nyuma ya sauti zao. Asylum iliufupisha kwa ajili ya redio bila idhini ya bendi, jambo lililowaudhi sana, lakini Machi 1975 ulikuwa kileleni. Waliomkimbia Johns ili wawe wagumu walifika juu kwa wimbo mlaini aliowarekodia.

Albamu ya nne, One of These Nights, ilitoka Juni 1975 na kushika namba moja. Sehemu yake ilirekodiwa Criteria, Miami, ambako katika chumba cha jirani Bee Gees walikuwa wakitafuta njia yao ya kuingia katika muziki wa dansi. Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza na besi ya kunyatia na kuishia na Henley akipanda sauti nyembamba kama waimbaji wa soul wa Detroit na Philadelphia waliokuwa wakivuma wakati huo. Hakuna kofia wala farasi humo. Lakini ukigeuka unakutana na Lyin' Eyes, hadithi ya zaidi ya dakika sita. Frey na wenzake walikuwa Dan Tana's, mgahawa uliopakana na Troubadour, wakamwona mwanamke kijana, mzuri, ameketi na mume mzee mwenye fedha. Kutoka meza hiyo likaja simulizi la mke anayetoka nyumba kubwa usiku kwenda kwa kijana wa upande wa pili wa mji, na mwishoni bado hajapata anachokitafuta. Kantri imekuwa ikisimulia hadithi za namna hii tangu zama, na wasikilizaji wake waliitambua: wimbo ulifika namba 2 katika chati ya jumla na namba 8 katika chati ya kantri. Ukashinda pia tuzo ya Grammy.

Wimbo wa tatu, Take It to the Limit, ndio uliompa Meisner nafasi yake. Unakwenda kwa mwendo wa valsi, tatu kwa tatu, na mwishoni anapanda noti za juu huku wengine wakimshikilia chini. Baadaye ulikuja kuwa mzigo kwake, kwa kuwa kila usiku umati ulizingoja noti zilezile, na mtu mwenye haya aliogopa kuzikosa.

Wakati huo Leadon alikuwa amechoka. Bendi aliyoijenga kwa banjo na mandolini ilikuwa inamwacha nyuma. Siku moja alimmwagia Frey bia kichwani, na mwishoni mwa 1975 aliondoka; Joe Walsh, mpiga roki halisi, akachukua nafasi yake. Kipindi cha kwanza cha Eagles, kile cha kantri, kilikuwa kimefungwa, ingawa nchi haikujua bado.

Kampuni yaamua: Februari 1976

Bendi ilikuwa imeanza kazi ya albamu mpya, ile ambayo Desemba ingetoka kwa jina la Hotel California, na kazi ilikwenda taratibu mno. Asylum ilihitaji kitu cha kuuza. Ikachukua nyimbo kumi kutoka albamu nne na tarehe 17 Februari 1976 ikazitoa katika santuri moja, Their Greatest Hits (1971–1975).

Henley alilalamika wazi. Alisema Desperado na Tequila Sunrise zilikuwa sehemu ya hadithi ndefu na kwamba kuzing'oa humo ni kuziharibu. Namwelewa; nyimbo za albamu ile ya majambazi zinapata uzito zikiwa na jirani zake. Lakini msikilizaji alipata kitu ambacho bendi yenyewe isingeweza kukitengeneza kwa makusudi.

Tazama mpangilio. Nyimbo hazikufuata miaka. Upande wa kwanza unaanza na banjo ya Take It Easy, unashuka kwenye giza la Witchy Woman, unarukia simulizi ya Lyin' Eyes, unapandishwa na magitaa ya Already Gone, halafu piano ya Desperado inaufunga taratibu. Ukigeuza santuri unapokewa na besi ya soul ya One of These Nights, na kabla hujakaa sawa, gitaa la Tequila Sunrise, kantri yenye harufu ya mpaka wa Mexico. Miaka minne ya ugomvi kuhusu bendi hii ni ya nani ilichanganywa kama karata. Frey anaongoza nyimbo tano, Henley nne, Meisner mmoja, na chini ya zote zipo sauti zilezile zilizompindua Johns. Katika albamu moja moja unaweza kusikia bendi ikivutana. Hapa, kwa dakika zipatazo 43, unasikia watu wale wale wakiingia chumba hadi chumba katika nyumba yao wenyewe.

Jalada nalo lilisaidia. Msanii wa Texas, Boyd Elder, alitengeneza fuvu la tai, likawekwa juu ya mandhari ya bluu nyepesi yenye mng'aro. Halikuwa na uso wa mwanamuziki yeyote. Mpenzi wa kantri wa Oklahoma aliona alama ya jangwa lake. Kijana wa mji aliona sanaa.

Na ulikuwa wakati wake. Magari ya Marekani yalikuwa yakiwekwa mashine za kanda, redio za FM zilipiga nyimbo ndefu bila kukatiza, na vijana waliogombana kuhusu Vietnam miaka saba nyuma sasa walikuwa na kazi, watoto na safari ndefu za kwenda kazini. Vita vilikuwa vimekwisha Aprili 1975. Nywele ndefu hazikuwa tena tangazo la siasa. Hata mafundi wa mabomba na madereva wa malori walikuwa nazo. Wale wasiosalimiana mwaka 1969 walikuwa wanapanga foleni katika duka moja la santuri. Mwaka huohuo chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, RIAA, kilianzisha cheti cha platinamu kwa albamu zilizovuka nakala milioni moja. Ya kwanza kabisa kukipata ni hii, wiki moja tu baada ya kutoka. Ilikaa namba moja kwa wiki tano.

Nashville inawafuata: 1980 hadi 1999

Hotel California iliwafanya wakubwa duniani kote, na wimbo uliobeba jina hilo ndio ambao Afrika Mashariki inaujua zaidi. Lakini haumo katika mkusanyiko ule, na bendi iliyoupiga haikuwa tena ya kantri. Meisner aliondoka 1977. Mwezi Julai 1980, Long Beach, Frey na Felder walitishiana jukwaani kati ya wimbo na wimbo, na bendi ikavunjika.

Santuri ya nyimbo kumi iliendelea kuuzwa bila bendi. Watoto waliikuta kwenye makabati ya wazazi, wakaihamishia kwenye kaseti, kisha wakainunua tena ilipokuja sidii. Baadhi ya watoto hao walikuwa wanakulia kusini na kati ya Marekani wakijifunza gitaa, na miaka ya 1990 ilipofika ndio waliokuwa nyota wa Nashville.

Mwaka 1993 wakaja kulipa deni. Albamu ya Common Thread iliwakutanisha wasanii wa kantri kuimba nyimbo za Eagles: Alan Jackson akachukua Tequila Sunrise, Clint Black Desperado, Diamond Rio Lyin' Eyes, Travis Tritt Take It Easy. Mwaka uliofuata chama cha muziki wa kantri, CMA, kiliitangaza albamu bora ya mwaka. Mji uliowapokea Byrds kwa ubaridi mwaka 1968 sasa ulikuwa unazivisha taji nyimbo zilizozaliwa na jaribio lilelile. Tritt aliwaomba Eagles waonekane katika video yake. Wakaja, wakasimama pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 13, na mwaka 1994 wakarudi jukwaani kama bendi.

Nchini Kenya, ambako kantri ina mizizi mirefu, kizazi hicho cha Nashville kilipata wafuasi pia. Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejenga maisha yake ya muziki Nairobi juu ya kantri, na anayemsikiliza anaelewa upesi kwamba hadithi za barabara, mke asiyetulia na kijana anayekimbia nyumbani hazihitaji kuwa na jangwa la Arizona nyuma yake.

Karne ilipofungwa, mwaka 1999, RIAA iliitambua Their Greatest Hits kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani katika karne ya 20.

Baada ya Frey: 2009 hadi 2018

Kifo cha Michael Jackson mwaka 2009 kiliwarudisha watu kwa Thriller, na kwa miaka kadhaa albamu hiyo ikawa mbele. Glenn Frey alifariki New York tarehe 18 Januari 2016, akiwa na miaka 67, na wengi walidhani Eagles wamekwisha. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza santuri ile katika hazina ya rekodi zinazohifadhiwa kwa thamani yake kwa taifa. Ilikuwa heshima ya ajabu kwa mkusanyiko ambao Henley aliuona kama biashara ya kampuni.

Wakati huo namna ya kuhesabu ilikuwa imebadilika. RIAA ilianza kuzijumlisha nyimbo zinazopakuliwa na zinazosikilizwa kwenye intaneti pamoja na nakala zinazouzwa, na mwezi Agosti 2018 ikatangaza hesabu mpya: platinamu mara 38 kwa Eagles, mara 33 kwa Thriller. Wapo waliosema kanuni mpya zimewapendelea. Hoja hiyo inaacha jambo moja: mtu anayesikiliza kwa intaneti halazimiki kununua kitu, anachagua wimbo kila mara upya, na Take It Easy ulikuwa bado unachaguliwa na watu waliozaliwa muda mrefu baada ya Long Beach.

Bendi yenyewe ilikuwa imerudi jukwaani mwaka 2017 ikiwa na watu wawili wapya. Mmoja ni Deacon Frey, mwana wa Glenn. Mwingine ni Vince Gill, nyota wa Nashville mwenye sauti ya juu na gitaa la kunyumbuka, ambaye mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioimba katika Common Thread. Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya tangazo la RIAA, walipiga usiku tatu katika ukumbi wa The Forum, Inglewood, California, na kurekodi. Deacon aliimba Take It Easy na Peaceful Easy Feeling, nyimbo za baba yake. Gill alipewa Lyin' Eyes, Tequila Sunrise, na noti za juu za Meisner katika Take It to the Limit.